Kivungulio hakitibu udongo mgonjwa

Huku Molo, Njoro na Bahati, kaunti ya Nakuru, mvua za masika zikishika mwezi wa Aprili, nyanya za nje huanza kuungua kwa blaiti, ugonjwa unaokausha majani. Hapo ndipo kivungulio, yaani nyumba ya plastiki ya kukuzia mimea, kinapolipa. Wengi hudhani faida yake ni joto tu, kumbe kubwa zaidi ni majani kubaki makavu. Ukipandikiza miche mapema Februari, Mei utakuwa ukichuma wakati nyanya za nje zimeadimika na bei imepanda.

Lakini kabla hujalipia hata msumari mmoja, jiulize hapo palipandwa nini. Kama ni waru, yaani viazi, tahadhari. Viazi, nyanya, biringanya na pilipili hoho ni jamii moja, na bakteria wa mnyauko huwashambulia wote, kisha hukaa udongoni kwa miaka. Ndani ya kivungulio, penye joto na unyevu, hustawi vizuri mno. Mmea hunyauka mchana majani yakiwa bado ya kijani, halafu unakufa. Kupima si kazi: kata shina karibu na ardhi, ulining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Baada ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka pale ulipokata, ni bakteria hao. Usidanganywe dukani: dawa ya kupuliza inayoponya mnyauko huo haipo. Panda sukuma wiki au dhania humo, ama ujaze magunia udongo safi wa kwingine, uyaweke juu ya karatasi ya nailoni yasiguse ardhi, ndipo upande nyanya. Jembe na gambuti za shamba la waru zisiingie kabisa.

Plastiki nunua ya unene wa mikroni 200 yenye kinga ya jua. Nailoni ya kawaida hupasuka upesi. Mahali inapogusa bomba la chuma, paka bomba rangi nyeupe, la sivyo chuma kikipata moto plastiki itaharibikia hapo kwanza.

Joto likipita nyuzi 35 maua hupukutika, kwa hivyo pandisha plastiki ya pembeni mapema, neti ibaki kuzuia wadudu. Neti hiyo huzuia nyuki wanaochavusha maua pia, basi tikisa kamba zinazoshikilia mimea kila asubuhi maua yakishafunguka. Usiku wa baridi ya Julai utatamani kufunga kila kitu. Funga, ila ukiona matone yanadondoka kutoka kwenye paa asubuhi, fungua mara moja, maana majani yakilowa blaiti itakufuata humo ndani.