Namna ninavyoyeyusha masalia ya sato kwa utomvu wa papai

Pale soko la samaki la Kirumba Mwaloni, Mwanza, wapaa samaki hujaza ndoo ya masalia ya sato mapema asubuhi: vichwa, mapezi, ngozi, utumbo. Ndiyo nichukuayo kutengenezea chakula cha kuku wangu. Mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki baada ya minofu kukatwa, siyagusi, hicho ni kitoweo cha watu. Zamani walikuwa wakila dagaa, ila bei ilinishinda, na dagaa aliyeanikwa chini huja na mchanga wake.

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho huukata mnyororo huo uwe vipande vifupi, yaani peptaidi. Vipande hivyo huyeyuka kwenye maji, na hata kifaranga huvimeng'enya bila shida. Ndiyo maana nyama ngumu hulainika ikifungwa kwenye jani la mpapai.

Kuoza nako hukata protini, lakini kwa kazi ya bakteria, na huacha sumu na uvundo. Mara ya kwanza niliuziwa utumbo uliokuwa umelala. Nilipika hivyo hivyo, nikauacha vuguvugu usiku kucha. Asubuhi ulikuwa umeumuka na kutoa povu, nikaufukia wote shimoni. Tangu hapo, nafungua mashavu ya samaki kwanza: yakiwa mekundu nachukua, yakiwa ya kijivu naacha.

Utomvu huukinga alfajiri, wakati unatiririka vizuri. Chanja papai bichi lililokomaa kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, mistari minne au mitano ya juujuu. Usitumie kisu cha chuma cha kawaida, maana chuma huudhoofisha utomvu na kuutia weusi. Kinga kwa bakuli la plastiki, na vaa glavu, kwani unawasha na kubabua ngozi. Papai lililoiva halifai, utomvu wake umekwisha.

Kwa kilo 10 za masalia, toa kwanza nyongo, kile kifuko cha kijani, bila kukipasua. Katakata vichwa kwa panga juu ya gogo, vingine vyote visage kwa mashine ya nyama. Tia maji lita 10, chemsha dakika 20, kisha engua mafuta yanayoelea. Usione uvivu hapa: mafuta yakibaki, chakula kitachacha baada ya siku chache.

Acha ipoe hadi nyuzi 60, na hapa kipimajoto ni lazima; nunua cha spiriti, si cha zebaki. Koroga vijiko vitatu vya chakula vya utomvu katika kikombe cha maji vuguvugu, mimina, funika. Shikilia joto kati ya nyuzi 55 na 60 kwa saa tatu hadi nne. Mimi huitumbukiza sufuria kwenye boksi la pumba za mpunga na kuifunika blanketi, nikiirudisha kwenye mkaa kidogo joto linaposhuka. Chini ya 50 unawakaribisha bakteria, na juu ya 70 papaini inaanza kufa.

Saa ya kwanza mwiko unakwama kama kwenye uji mzito. Kufikia saa ya pili unapita wenyewe. Ukichota chini, mifupa inatoka myeupe, nyama imeiachia kabisa, na uji umekuwa supu ya rangi ya chai. Hapo ndipo huwa nasimama nikitazama, kila mara.

Chemsha tena dakika 20 kamili ili kimeng'enya kife, maana papaini ni sugu kwa joto. Chuja kwa kitambaa safi. Mifupa ianike na kuitwanga, inawapa kuku chokaa. Supu ichemshe bila kufunika hadi ibaki nusu, na koroga, maana ikishika chini itanuka moshi.

Changanya lita moja ya supu hiyo na kilo mbili za pumba za mahindi, tandaza nyembamba juu ya turubai na uanike siku hiyo hiyo. Ikikauka ivunjike mkononi, isishikane. Naiweka kwenye ndoo yenye mfuniko na kuimaliza ndani ya wiki mbili. Anza kuwapa kuku kidogo kidogo, ukipunguza dagaa taratibu. Mayai yakianza kunukia samaki, umezidisha. Na kuku wa kuchinja waachishe wiki mbili kabla.