Taa za nyuma za pikapu zinaingia maji? Usikimbilie silikoni

Kama una pikapu ya zamani huku Mtwara hii habari unaijua, asubuhi unatoka nje unakuta kioo cha taa ya nyuma kina jasho kwa ndani kama glasi ya maji baridi, unasema aah jua likitoka patakauka. Hapakauki. Kesho yake stopu, ile taa ya breki, imekufa upande mmoja na trafiki kashakunyooshea mkono.

Mi nina Hilux ya miaka ya 90, napakia samaki pwani napeleka juu Newala, sasa ile barafu ikiyeyuka inachanganyika na maji ya chumvi inachuruzika nyuma pale pale kwenye taa, alafu ukipanda huko juu vumbi jekundu linakuja kukandika juu yake. Nikawa nabadilisha globu kama nanunua vocha. Fundi mmoja akaniambia dawa yake paka silikoni kuzunguka kioo chote, nikapaka, nikaona kazi imeisha. Wiki haikupita taa ikawa ndoo, maji yamefika nusu ya kioo!

Nilipokuja kufungua mwenyewe ndo nikaelewa, maji hayakuwa yanaingia mbele, yanaingia nyuma, na ile silikoni yangu ilikuwa imeziba kile kitundu cha chini cha kutolea maji. Ndani tope jekundu limekaa, kitako cha globu kimeota kutu ya kijani, na kile kibati cha ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi, nilikigusa tu kikabaki mkononi. Kwahiyo kabla hujapaka chochote jua maji yanapita wapi. Kuna mpira kati ya kioo na nyumba ya taa, lile boksi linaloshika globu, kuna mpira mwingine kati ya nyumba ya taa na bodi ya gari, na kuna viraba vidogo vya kwenye holda za globu na pale waya zinapoingilia. Watu wote wanaangalia ule wa kwanza, mi nakwambia angalia ule wa pili, ndo unaokufa mapema maana uko gizani hakuna anaeuona.

Kazi yenyewe sio ngumu. Chomoa nigetivu ya betri, fungua kioo na bisibisi ya nyota, skrubu zikigoma usilazimishe, weka mafuta ya kulegeza kutu uende ukanywe chai kwanza maana ukikata kichwa umejiongezea kazi ya kutoboa. Nyumba ya taa mara nyingi ina nati za namba 10 kwa nyuma. Piga picha za waya na simu kabla hujachomoa kitu, usiamini kichwa chako.

Mpira wa zamani ukwangue wote, usibandike mpya juu ya mabaki. Kioo oshea maji na sabuni tu, USIWEKE petroli wala thina, ile ni plastiki itapasuka vinyufa vidogo vidogo kama utando wa buibui. Pale kwenye bodi mpira unapokaa ukikuta kutu piga msasa mpaka bati litoke jeupe, paka praima na rangi, acha ikauke kabisa. Hapa wengi wanaruka, alafu mpira mpya unakalia magamba ya kutu na maji yanapita chini yake kama kawaida.

Sasa mpira wenyewe. Ukipata wa gari yako dukani nunua, umemaliza. Usipopata, na kwa gari hizi za zamani mara nyingi hupati, kata wa kwako. Usitumie sponji ya godoro hata uambiwe nini, ile inanyonya maji inakaa nayo, unakuwa umeifunga bodi kitambaa kibichi. Unataka foma isiyonyonya, na foma hiyo iko mlangoni kwako, ndala zile nyepesi za foma. Kata kipande kidogo tumbukiza kwenye maji, kiminye, kama hakitoi maji kinafaa. Unene milimita 3 mpaka 5 inatosha. Weka nyumba ya taa juu ya karatasi ngumu, chora kwa kalamu, kata hiyo karatasi kwanza ujaribishe kwenye gari, ikikaa ndo ukate ndala kwa wembe mpya. Kama unatumia vipande virefu vya kuunga, kata ncha kwa mshazari, bandika na supagluu, na kiungo ukiweke upande wa chini. Tyubu ya baiskeli nayo inafaa kwenye holda na kwenye waya, ila kwenye bodi ni nyembamba mno, haijazi mabonde.

Silikoni siikatai, ila ni mstari mwembamba tu nyuma ya mpira upande wa juu na pembeni. Chini acha. Na uinuse kabla hujanunua ukiweza, ile yenye harufu kali ya siki inakula shaba na bati, tafuta isiyo na harufu hiyo. Ipe masaa 24 ikauke, kwahiyo kazi hii fanya kabla ya mvua, mvua zetu za kusini zikishaanza Novemba Desemba ni mpaka Aprili hivi, hutapata siku ya bati kukauka vizuri.

Kabla ya kufunga sugua vibati vya holda kwa msasa laini, na waya wa ethi ukwangue pale unapofungwa kwenye bodi. Ethi mbovu ndo ile ukikanyaga breki indiketa nayo inawaka kwa mbali, watu wanabadilisha globu kumbe globu nzima. Halafu globu ya stopu ina nyaya mbili ndani, wati 21 na 5, na vile vichuchu vyake vimepishana urefu, ukiona haiingii igeuze, usiisukume. Vaselini kidogo kwenye vibati sawa, ila isiguse mpira, mafuta yanauvimbisha.

Skrubu za kioo kaza kwa mkono, kidogo kidogo kwa kupishanisha kona, mpira ukianza tu kuminyika simama hapo hapo. Kioo changu cha kushoto kina ufa mpaka leo kwa sababu ya kiherehere cha nusu mzunguko.

Mwisho weka tishu kavu ndani ya taa kabla hujafunga kioo, mwagia maji dakika kumi kwa juu na kwa nyuma, sio mbele tu, uiache usiku kucha. Mara ya kwanza tishu yangu ililowa kona moja, pale waya unapoingilia, nikafunga kipande cha tyubu nikamwagia tena. Asubuhi kavu kabisa, nikaitoa tishu nikafunga kioo, nikawahi kupakia samaki wangu.