Kununua pikipiki kuukuu ya njia mbovu, na kuitunza isiliwe na chumvi

Kwa anayepita maweweni ya Makunduchi, Unguja, au matope ya Ngezi, Pemba, wakati wa masika, Honda XL 125 au Yamaha DT 125 kuukuu bado ni chombo cha maana. Kilomita za kwenye mita zisikushughulishe, maana kebo ya mita hukatika na watu wakaendelea kutembea. Visiwani pikipiki huliwa na chumvi kabla injini haijachoka, kwa hiyo ukaguzi unaanzia chini.

Inama uangalie chesisi chini ya kiti, pale betri inapokaa, na vikanyagio vinapofungwa. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bomba zima hulia kwa sauti kali, lililoliwa kwa ndani hutoa sauti nzito. Rangi mpya, nene, iliyopakwa sehemu hizo tu, itilie shaka. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, herufi kwa herufi. Zikiwa zimesuguliwa, ondoka. Kibao cha namba kikianza na MC, chombo ni cha bara. Usitoe pesa mpaka muuzaji akamilishe ushuru na usajili wa Zanzibar.

Shokapu za mbele zipitishie ukucha pale sili inapoteleza. Ukucha ukikwama kwenye vishimo vya kutu, sili mpya itavuja tena muda si mrefu, na bomba jipya la shokapu ni ghali. Nyanyua gurudumu la mbele uzungushe usukani taratibu: ukinasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, chunguza bushi za mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, na beringi za gurudumu. Mnyororo uvute kwa nyuma kwenye sproketi. Ukiachana na meno kiasi cha nusu jino, hesabu bei ya mnyororo na sproketi zote mbili, kwani mnyororo mpya juu ya meno yaliyopinda hauishi.

Injini ikague ikiwa baridi. Iguse kabla ya kupiga kiki. Ukiikuta ina moto, muulize muuzaji kwa nini ameiwasha mapema. XL ikitoa moshi wa buluu unapoivuta kwa nguvu, mara nyingi ni ringi. Moshi ukitoka pale tu unapoongeza gesi baada ya kuteremka mlima umeifunga, tazama sili za valvu. DT kutoa moshi kidogo ni kawaida yake, maana injini yake ni ya tustroki, inayochoma oili pamoja na petroli, ila hakikisha pampu ya oili bado imeunganishwa. Mafundi wengi huing'oa, na mnunuzi asiyejua akitia petroli tupu, pistoni inanasa. Ikiwa imeng'olewa, changanya mililita 40 za oili ya tustroki kwa kila lita ya petroli.

Mulika tochi ndani ya tangi. Kutu kidogo kinaondoka: livue, jaza siki, liache siku nzima, suuza kwa maji yenye magadi kidogo, likaushe haraka, kisha tia petroli papo hapo. Ukilichelewesha, kutu kinarudi usiku huohuo na kuishia kwenye kabureta.

Baada ya kununua, kazi kubwa ni kuiosha kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Ukitoka ufukweni, ioshe siku hiyohiyo injini ikishapoa, bila kuelekeza mpira wa maji wenye nguvu kwenye beringi. Iendeshe dakika chache, ukibonyeza breki zikauke, kisha paka mnyororo oili ya gia SAE 90. Acha mnyororo ulegee kama sentimita 3. Viungio vya nyaya vilivyoota ukijani visafishe na uvipake girisi. Wengine hupaka oili chafu chini ya chesisi, na inasaidia kweli, ila isifike kwenye breki wala tairi.

XL badilisha oili kila kilomita 1,500. Inachukua karibu lita 1. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi za pikipiki, kwa sababu oili nyingine za gari huifanya klachi iteleze. Pengo la plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Tapeti (pengo la valvu) za XL 125S hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.05; zikibanwa zaidi, valvu huungua kimyakimya, kwa hiyo tapeti zinazolia kidogo ni afadhali. Sponji ya hewa ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke kivulini, ichovye kwenye oili ya gia na kuikamua. Usiioshe kwa petroli, huilegeza.

Kwenye mchanga mlaini punguza upepo wa tairi hadi psi 15 hivi, lakini uujaze tena kabla ya kuingia maweweni, la sivyo jiwe litabana tyubu kwenye rimu. Tyubu ya mbele ya XL ni ya inchi 21, na duka la kijijini aghalabu huwa na za bodaboda tu, inchi 17 na 18. Beba yako.