Upeleke nini kwenye kongamano la walimu wa kemia, na ukiandikeje

Kila mwito wa kongamano ukitumwa kwenye kundi letu la WhatsApp la walimu wa kemia, swali huwa lile lile: "Sasa mimi wa shule ya kata nitapeleka nini huko?" Nimeshawajibu wengi mmoja mmoja, acha leo niandike mara moja.

Peleka jambo moja dogo ulilolishuhudia darasani kwako. Chukua titresheni, lile jaribio la kudondosha kimiminika kimoja kwenye kingine hadi rangi ibadilike. Bureti, mirija ya kupimia yenye koki, ni chache, wanafunzi wameizunguka meza. Mmoja anafungua koki, mwingine anatikisa chupa, waliobaki wananakili. Ukikusanya madaftari unakuta 24.50, 24.50, 24.50. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha anajua hapo namba zimepikwa. Sasa, badala ya bureti, wape kila wawili sirinji yao na kichupa chao, wapime wenyewe. Namba zinaanza kutofautiana, na ubishi unazuka: nani kasoma vibaya, nani kazidisha tone, kwa nini jaribio la kwanza tusilihesabu kwenye wastani. Ubishi huo ndio wasilisho lako. Uandike siku ile ile, kwa maneno yao, kabla hujasahau.

Sirinji yenyewe si habari mpya. UNESCO na IUPAC, umoja wa kimataifa wa kemia, walishasambaza majaribio ya vipimo vidogo, yanayotumia kemikali kidogo tu, tangu miaka ya 1990, na kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, kilitengeneza vifaa vyake. Rosela kama indiketa, yaani ya kuonyesha asidi kwa rangi, nayo imeandikwa mpaka basi. Kwa hiyo kabla ya kuandika, pitia jarida la African Journal of Chemical Education, linalotolewa na shirikisho la vyama vya kemia Afrika tangu 2011 na kusomwa bure mtandaoni, uone wenzako wameishia wapi. Ukikuta mbinu yako imo humo, usivunjike moyo. Eleza kilichotokea ilipofika kwako.

Kuhusu mahali pa kupeleka: kongamano la IUPAC la elimu ya kemia, ICCE, huhama nchi hadi nchi, mwaka 2022 lilikuwa Cape Town na 2024 likawa Pattaya, Thailand. La Wamarekani, BCCE, hufanyika miaka ya shufwa kwenye kampasi za vyuo; 2022 Purdue, 2024 Kentucky. Afrika tuna ACRICE, kongamano la utafiti wa elimu ya kemia, iliyoanzia Addis Ababa mwaka 2013. BCCE ina utaratibu wake: mada hugawanywa katika simposia, yaani vikao vya mada moja moja, kila moja na waandaaji wake, nawe unachagua utakayoingia. Soma maelezo ya simposia zote, hata kama ni nyingi. Ukijitupa kwenye kapu la mada za jumla, utajikuta katikati ya watu wa spektroskopia na wasikilizaji wasiojua kwa nini umekuja.

Ukipata barua pepe inayokusifia "utafiti wako mashuhuri", ikakukubalia ndani ya siku mbili na kutaka ada papo hapo, ifute. Kamati ya kweli husoma kwanza.

Tuje kwenye ikisiri, ule muhtasari mfupi unaotumia kuomba nafasi. Mimi humsimulia kwanza mwalimu wa historia, kwa Kiswahili, wakati wa chai ya saa nne. Akiuliza "kwa hiyo?" nikakosa jibu, bado sijawa na ikisiri. Akishaelewa, ndipo naandika kwa Kiingereza: nilikuwa nataka kutatua nini, nilifanya nini na darasa gani, niliona nini, na msikilizaji ataondoka na nini cha kujaribu kwake. Hilo la tatu ndilo wengi hulikimbia. Wanaandika "matokeo yatajadiliwa", na msomaji mwenye rundo la maikisiri mezani anaelewa kwamba matokeo hayapo.

Usianze na aya nzima ya shida zetu, kwamba hatuna maabara, hatuna kemikali. Wameshaisoma mara nyingi. Sentensi moja yatosha: darasa kubwa, bureti chache. Kisha ingia kazini. Na kichwa kiseme jambo: "Changamoto za kufundisha kemia Tanzania" kinaweza kubeba chochote, ila "Wanafunzi wanapoacha kupika majibu ya titresheni" kinamfanya mtu ahame ukumbi aje kwako.

Majina ya waandishi ni ya waliofanya kazi. Mkuu wa shule haingizwi kwa heshima tu. Mshukuru kwenye slaidi ya mwisho. Lakini kibali chake cha kutumia kazi za wanafunzi kiwe mkononi mapema, kwa maandishi, na majina na sura za watoto zisionekane.

Angalia saa. Mwisho wa kupeleka ikisiri ukiwa saa 5:59 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, kwetu ni saa 12:59 asubuhi ya kesho yake kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na saa 1:59 miezi mingine. Hata hivyo peleka siku mbili kabla. Umeme ukikatika hakuna wa kumlilia. Andika kwenye Word, hesabu maneno, ndipo ubandike kwenye fomu, kisha uhakikishe alama kama cm³ na H₂SO₄ hazijageuka vurugu.

Jibu likija, omba barua ya mwaliko siku hiyo hiyo. Miadi ya viza inaweza kuchukua miezi, na mtumishi wa umma ana kibali cha kusafiri cha kufuatilia pia. Uliza kuhusu punguzo la ada kabla ya kulipa.

Wakikupa bango badala ya kuongea, kubali. Kwenye bango watu husimama, huuliza, hukuachia anwani zao; ukumbini una dakika chache na mwenyekiti anayetazama saa. Soma vipimo wanavyotaka na kama ni wima au mlalo, halafu lichapishe kwenye kitambaa. Linakunjwa kama khanga, linaingia kwenye begi la mkononi, na hutalipia bomba refu la kubebea bango kwenye ndege.