Land Cruiser ya zamani inamisi na kuzima: anza na moto, kabureta baadaye

Gari la kabureta likianza kumisi, yaani silinda kuruka bila kuwaka, mkono wa fundi hukimbilia kabureta. Nami nilikuwa hivyo. Niliwahi kuifungua kabureta ileile mara 3 kwa wiki moja, nikaiosha mpaka ikang'aa, kumbe tatizo lilikuwa kawaya kembamba ndani ya distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi moto, kamekatikia ndani ya ganda lake. Gari likirushwarushwa na mashimo, moto, yaani cheche ya plagi, unapotea, likitulia, unarudi.

Kinachotudanganya ni hiki: cheche dhaifu huacha petroli bila kuungua, basi plagi zinatoka nyeusi, ekzosi inanuka petroli, na kila mtu anaapa kwamba kabureta inamwaga. Kwa hiyo maliza upande wa moto kwanza. Vipimo ninavyotaja ni vya injini ya 2F, silinda 6, lita 4.2, iliyoanza kufungwa kwenye Land Cruiser FJ40 mwaka 1975. Kama injini yako ni nyingine, mpangilio ni huuhuu ila vipimo chukua kwenye kitabu chake.

Hatua ya 1: Tapeti

Iache injini ipate joto lake la kawaida, kisha pima tapeti, yaani nafasi iliyoachwa kati ya shina la valvu na mkono unaoisukuma. Valvu za kuingiza 0.20 mm, za ekzosi 0.35 mm. Valvu iliyobanwa haifungi vizuri, na hapo hakuna taimingi wala skrubu ya kabureta itakayokutulizia sailensa, yaani injini kuzunguka bila kukanyaga mafuta. Hatua hii inachosha, ndiyo maana wengi wanairuka.

Hatua ya 2: Ndani ya distribyuta

Fungua kepu, uikague kwenye mwanga. Kijistari cheusi kama cha kalamu kati ya nguzo mbili ni njia ambayo moto unavujia. Hiyo kepu haitibiki, ibadilishe. Kama umetoka kuvuka maji, kwanza ikaushe, huenda ugonjwa ukaishia hapo.

Halafu pointi, ile swichi ndogo ambayo ikifunguka ndipo moto unapiga. Zungusha injini mpaka kisigino cha pointi kikae juu ya pembe ya kamu (mhimili wenye pembe unaozifungua), weka fila geji, kile kibamba cha kupimia nafasi, ya 0.45 mm. Ukiwa na mita ya dweli (pembe ambayo pointi hukaa zimefungwa), tafuta 41°. Paka kamu grisi kidogo tu, maana grisi nyingi hurukia pointi zenyewe. Vutavuta kila waya humo ndani. Unaorefuka kama mpira umekatika.

Usifunge bado. Shika rota, kile kizungushi cha katikati, uisukume pembeni: ikicheza, bushi zimekwisha, na nafasi ya pointi itakuwa inabadilika kila mzunguko hata ukiiseti siku nzima. Izungushe kidogo kuelekea inakozungukia, iachie. Isiporudi yenyewe, vizito vya kuwahisha moto vilivyo chini yake vimegandishwa na grisi iliyokauka. Mwisho, nyonya kwa mdomo mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini). Bamba la pointi lisogee na libaki limesogea muda wote unaoziba kwa ulimi. Likirudi, diafram imetoboka.

Hatua ya 3: Taimingi

Usiguse taimingi, yaani wakati ambao cheche inapiga, kabla ya pointi. Kisigino kikilika, nafasi inapungua na moto unachelewa. Ukiitanua, moto unawahi. Ukigeuza mpangilio utafanya kazi mara mbili.

Chomoa mpira wa vakyumu wa distribyuta, uuzibe. Sailensa iwe mizunguko 650 kwa dakika. Funga taa ya taimingi kwenye waya wa silinda ya 1, mulika kwenye kidirisha cha kava la fulaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini). Alama unayoitafuta ni kigololi kilichopachikwa kwenye fulaiwili yenyewe, mara nyingi kimefunikwa na uchafu, kwa hiyo kifute na ukipake chokaa mapema. Kikilingana na kielekezi, uko 7° kabla ya pistoni kufika juu kabisa. Kama hakilingani, legeza bolti ya distribyuta: kuigeuza kinyume na mzunguko wa rota kunawahisha moto, kufuata mzunguko kunauchelewesha. Kaza, kisha pima tena, kwa sababu kukaza nako husogeza.

Huna taa? Unganisha balbu ndogo ya volti 12 kati ya waya wa pointi kwenye koili na bodi. Washa swichi bila kupiga stata, leta alama mahali pake kwa mkono, geuza distribyuta polepole. Balbu inapowaka ndipo pointi zinafunguka, na hapo ndipo moto unapopiga.

Moto uliowahi mno hugonga ukipanda mlima, na injini ikishapata joto inagoma kuzungushwa na stata. Uliochelewa unaua nguvu na kupandisha joto. Ukipata mlipuko kwenye kabureta, hakikisha kwanza waya za plagi zimefuata mpangilio wa silinda wa 1-5-3-6-2-4.

Hatua ya 4: Hewa ya wizi

Nyunyizia maji kidogo kwenye maungio ya manifodi na chini ya kabureta, injini ikiwa sailensa. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Wengine hutumia petroli. Ekzosi ya 2F iko chini ya kabureta palepale, mimi siwezi kukushauri hivyo.

Hatua ya 5: Sasa kabureta

Gari linakaa sailensa kwa kuvuta choki tu, na hewa haivuji popote? Washa swichi, sikiliza solenoidi ya kabureta, ile vali yake ya umeme: ilie "tik". Isipolia, angalia umeme wake. Ikilia, jeti ya sailensa, kile kitundu cha petroli, imeziba; ipulize kwa hewa, usiichokonoe na waya.

Ukikanyaga mafuta gari linasita kwanza halafu linaondoka: zima injini, chungulia kooni mwa kabureta, vuta mkono wa mafuta. Petroli iruke mara moja, kwa nguvu. Ikichuruzika, pampu ya kabureta imechoka.

Mchanganyiko uweke mwisho. Rekebisha skrubu ya mchanganyiko na ya mwendo mpaka injini itulie kwenye kasi yake ya juu zaidi, karibu 690, kisha funga ya mchanganyiko polepole mpaka ishuke 650.

Linalozima mlimani tu, huku tambarare halina neno, tazama kioo cha chemba ya floti (boya la kabureta) gari likiwa limesimama sawa. Petroli iwe kwenye alama ya katikati. Ikiwa juu, mteremko unaimwagia kooni. Pinda ulimi wa floti kidogo sana, rudishia, upande mlima uleule uliokuzimikia.