Jinsi ya kuomba uchunguzi wa sampuli ya tishu kwa daktari wa patholojia aliye mbali

Daktari wa patholojia, anayetambua ugonjwa kwa kuangalia tishu kwa hadubini, akiwa mbali hamwoni mgonjwa, wala hawezi kuisogeza slaidi yako (kioo chenye kipande cha tishu) kwa mkono wake. Ana picha uliyotuma na fomu uliyojaza, basi. Kwa hiyo maombi huanzia kwenye kopo la formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, kabla hujawasha kompyuta.

Makubaliano kwanza

Usitume kitu kabla kituo cha kupokea hakijakubali kwa maandishi. Uliza aina za faili wanazofungua, fomu wanayotumia na muda wa kujibu. Uliza pia kama leseni ya daktari wao inamruhusu kusoma sampuli kutoka kwako, na kama jibu litakuwa ripoti kamili yenye sahihi au ushauri tu. Ukipewa ushauri, lazima awepo mtu upande wako wa kusaini ripoti. Mgonjwa naye aelezwe kwamba picha zake zitatoka nje ya hospitali, kisha atoe ridhaa.

Sampuli na slaidi

Tumbukiza tishu katika formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa tindikali yake, ujazo wake uwe angalau mara 10 ya ujazo wa tishu, ndani ya saa moja tangu ikatwe. Iache humo saa 6 hadi 72. Formalini hupenya kama milimita moja kwa saa, kwa hiyo uvimbe mkubwa usipochanjwa huoza katikati huku nje ukionekana mzima. Kopo liwe na mdomo mpana: tishu hukakamaa ndani ya formalini, na iliyoingia kwa kubanwa haitatoka salama.

Tishu ikishawekwa ndani ya bloku ya nta, kata vipande vya mikroni 3 hadi 4 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), paka rangi za hematoksilini na eosini, funika kwa kioo chembamba, kisha subiri gundi ikauke kabisa. Gundi mbichi huachia kifuniko kiteleze na hunatisha slaidi ndani ya skana, mashine inayopiga picha ya slaidi nzima. Kipande kinene, mkunjo au kiputo cha hewa huipotezea skana ulengaji, na sehemu hiyo hutoka na ukungu. Hapo dawa ni kukata kingine. Kuongeza ung'avu kwenye kompyuta hakusaidii.

Picha

Ukiwa na skana, lenzi ya 20, yaani inayokuza mara 20 (karibu mikroni 0.5 kwa pikseli), inatosha kwa tishu nyingi. Tumia ya 40 (karibu mikroni 0.25) kwa magonjwa ya damu, vijidudu, au kuhesabu seli zinazogawanyika. Seli za kufyonzwa kwa sindano hulala katika tabaka mbalimbali, hivyo ziskaniwe kwa vina kadhaa.

Ukiwa na kamera juu ya hadubini tu, sawazisha weupe kwenye sehemu tupu ya slaidi, kisha piga slaidi nzima kwa lenzi ya 4, picha zikipandana kidogo ukingoni. Eneo lenye shaka lipige kwa lenzi ya 10 na ya 40, kila picha ikiwa na mstari wa kipimo. Piga pia usichokielewa na kingo za kipande. Tatizo la picha tuli ni kwamba mpiga picha ndiye aliyechagua kitakachoonekana. Zinaweza kuonyesha saratani iliyopo. Zisitumiwe kamwe kusema saratani haipo.

Fomu

"Uvimbe titini, saratani?" haimsaidii mtu. Andika hivi:

*Mwanamke, miaka 47. Titi la kushoto, robo ya juu ya nje. Uvimbe mgumu wa sm 2.5, miezi 4. Biopsi ya sindano, vipande 4, kirefu zaidi mm 14. Hajapata dawa za saratani wala mionzi. Swali: je, ni saratani vamizi?*

Sentensi ya matibabu usiiruke. Mionzi na dawa hubadilisha umbo la seli hata nzima zikaonekana za saratani. Vipimo vya picha vya awali, eksirei au ultrasaundi, vitaje kwa mstari mmoja. Kwa uvimbe wa mfupa, picha ya eksirei yenyewe iambatane.

Badala ya jina tumia namba ya siri, ileile kwenye fomu na kwenye faili. Mtego uko hapa: skana nyingi hupiga picha ya lebo na kuificha ndani ya faili. Ukibadilisha jina la faili tu, jina la mgonjwa bado limo. Bandika lebo ya namba pekee kabla ya kuskani.

Kutuma

Slaidi moja kwa lenzi ya 40 inaweza kufika GB 1 au kupita. Kwa kasi ya kupakia ya Mbps 2, GB 1 huchukua zaidi ya saa moja, na mtandao ukikatika bila programu inayoendeleza palipoishia, unaanza upya. Faili za aina ya MRXS, zinazotolewa na baadhi ya skana, huja na folda yenye jina hilohilo. Ukituma faili bila folda, mpokeaji hafungui chochote. Ukimaliza, linganisha ukubwa wa faili pande zote mbili.

Sampuli ya kugandishwa kwa baridi na kusomwa papo hapo, mgonjwa akiwa bado kwenye meza ya upasuaji, ni habari nyingine: panga siku na saa mapema, jaribu mtandao asubuhi hiyo, na daktari mpasuaji ajue atafanya nini mtandao ukizima.

Jibu likija

Linganisha namba, kiungo na upande wa mwili kabla ya kuliweka kwenye jalada. Jibu la simu au la awali lisianzishe matibabu ya saratani. Ukiombwa mkato wa ndani zaidi, rangi maalumu au bloku yenyewe ya nta, tuma haraka. Bila hivyo ripoti haitakamilika. Bloku, slaidi na picha zilezile zilizosomwa zihifadhiwe pamoja na ripoti.