Kubadilisha mpira wa kutolea maji wa friji katika gari la kambi

Maji yanapoonekana sakafuni chini ya friji ya gari la kambi, yaani gari la safari lenye kitanda na jiko ndani, wengi wetu hapa Nairobi huharakisha kumwita fundi wa friji na kumwomba aongeze gesi. Friji nyingi zilizojengewa ndani ya magari haya hazina kompresa, kwa kuwa zinatumia joto la moto wa gesi ya kupikia au la umeme kuendesha amonia ndani ya mabomba ya chuma yaliyofungwa kiwandani, na hakuna mahali ambapo fundi wa mtaani anaweza kuziongezea chochote. Mara nyingi friji yenyewe ni nzima, na kilichochoka ni kipande cha mpira kilichofichwa nyuma yake, ambacho kazi yake ni kutoa nje maji ya barafu iliyoyeyuka.

Nililielewa jambo hili nikiwa nimekwisha kupata hasara. Gari langu lilikaa miezi mingi Nairobi bila dalili yoyote, kisha nikateremka nalo hadi Diani, na siku ya tatu nikakuta ubao wa sakafu mbele ya friji umelainika kiasi kwamba nilipoubonyeza kwa kidole gumba ulibonyea na kuchuruza maji. Mpira ulikuwa umepasuka zamani. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake haina unyevu wa Pwani, kwa hiyo matone machache yaliyokuwa yakivuja yalikauka kabla sijayaona. Kule Diani kila tulipofungua mlango wa friji hewa nzito yenye unyevu iliingia, ikaganda kwenye mapezi ya alumini, yale mabati membamba ya kupozea ndani ya friji, kisha ikayeyuka na kuteremka kwa wingi. Kwa sababu hiyo ninamsihi kila anayejiandaa kwenda Pwani aukague mpira huu kabla ya kuondoka, hata kama sakafu yake ni kavu.

Njia ya maji ni fupi na ni vyema kuifahamu. Chini ya mapezi yale kuna mfereji mwembamba wa plastiki wenye tundu upande mmoja. Tundu hilo hupenya ukuta wa nyuma wa friji na kutokea kama mdomo mdogo wa plastiki, na hapo ndipo mpira unapovikwa. Kutoka hapo mpira huteremka hadi kwenye dirisha la hewa la chini, lile lenye mbavu za plastiki ubavuni mwa gari, au katika baadhi ya friji huishia kwenye kikombe kidogo kilichowekwa karibu na mabomba ya moto ili maji yageuke mvuke. Njia yote hiyo iko jirani na kichomeo na dohani, na joto hilo la kila siku, pamoja na vumbi na mtikisiko wa barabara zetu za changarawe, ndilo linaloufanya mpira ukauke na kupasuka. Kama friji yako ni ya sanduku yenye kompresa ya umeme wa betri, huenda haina mpira wowote ila kizibo tu chini, na maelezo haya hayakuhusu.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kwamba kosa ni la mpira. Zima friji, acha barafu iyeyuke yote, futa ndani, kisha chukua glasi ya maji yenye matone ya rangi ya chakula na uyamimine polepole kwenye mfereji ule, huku mwenzako akiwa nje ameangalia dirisha la hewa. Maji yakirudi na kumwagika ndani ya friji, njia imeziba na huenda kusafisha tu kukatosha. Yakitokea nje yote, tafuta uvujaji mahali pengine, kwa mfano kwenye bomba la sinki. Yakipotea, au yakitokea nje machache kuliko uliyomimina, mpira umepasuka au umechomoka, na rangi itakuonyesha mahali hasa.

Nunua mpira mpya kabla ya kuanza kazi, na uende dukani na kipande cha ule wa zamani, hata kiwe kifupi kama kidole, kwa kuwa kipenyo hutofautiana kati ya friji na friji. Wa kwangu ulikuwa wa milimita 10 kwa ndani. Mara ya kwanza nilipofika Barabara ya Kirinyaga niliomba mita moja ya mpira mweupe unaopitisha mwanga, kwa kuwa ulikuwa rahisi na uliingia sawasawa.

“Ni wa kazi gani, kijana wangu?” mwenye duka akaniuliza.

“Ni wa kutoa maji nyuma ya friji ya gari, mzee. Utapita karibu na moto.”

“Basi urudishe. Huo ni wa fundi wa mawe, wa kupimia levo. Ukiuweka karibu na moto utakauka kama ukuni.”

Alinipa wa silikoni, ambao huhimili joto la takriban nyuzi 200 za Selsiasi, na tangu siku hiyo sijautafuta mwingine. Usipoupata, mpira mweusi wa aina inayopitisha maji ya moto ya injini nao hufaa. Ninachokataza kabisa ni mpira wa gesi ya kupikia. Si kwamba hautapitisha maji, bali siku moja mtu mwingine atafungua sehemu ile, ataona mpira wa gesi, na atafanya uamuzi wa hatari kwa kuamini alichokiona. Ongeza klipu moja ndogo ya kukazia kwa bisibisi, na vibano viwili vya chuma vya kushikilia mpira ukutani.

Siku ya kazi, egesha gari mahali tambarare na penye hewa. Zima friji kwenye vyanzo vyote, yaani gesi, umeme wa betri na umeme wa nje, kisha funga mtungi wa gesi kwenye valvu yake yenyewe, wala usitosheke na swichi ya friji. Subiri angalau saa mbili, kwa maana sehemu inayochemsha amonia hubaki na joto kali muda mrefu baada ya moto kuzimwa. Fungua dirisha la hewa la chini, mulika kwa tochi, na upige picha kadhaa kwa simu kabla ya kugusa kitu. Ukiona unga wa njano kwenye mabomba ya chuma, au ukinusa harufu kali inayochoma macho, acha kazi na usogee mbali: hiyo ni dalili kwamba amonia inavuja, na tatizo hilo halitatuliwi kwa mpira mpya. Mabomba hayo ya chuma usiyalegeze, usiyapinde, wala usiyatumie kama mahali pa kujishikilia.

Katika magari mengi mkono hufika kwenye mdomo wa plastiki kupitia dirisha hilo. Katika mengine haufiki, na friji yote lazima ivutwe mbele. Hapo bomba la gesi litafunguliwa, na kwa maoni yangu sehemu hiyo ya kazi ni ya fundi wa gesi mwenye ujuzi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hujikusanya sakafuni, na ndani ya gari lililofungwa haihitaji cheche kubwa.

Kuutoa mpira wa zamani ndiyo hatua inayotaka subira kuliko zote. Mpira uliokauka hushika mdomo wa plastiki kama gundi, na mdomo wenyewe umezeeka pamoja nao. Ukiuvuta kwa nguvu, mdomo utakatika ndani ya ukuta wa friji, na kazi ya nusu saa itageuka kuwa kazi ya siku kadhaa. Mimi huuloweka kwa kitambaa chenye maji moto kwa dakika kadhaa, kisha huchukua wembe na kuuchana mpira kwa urefu, taratibu, kuanzia ukingoni kuelekea nyuma, nikiukata mpira bila kuikwaruza plastiki. Ukishafunguka huubandua kwa vidole kama ganda la ndizi.

Mdomo ukiwa wazi, safisha njia yote kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, na usukume uchafu kwa mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, ambao ni laini na hautoboi. Usikubali kupuliziwa upepo wa mashine ya wafundi wa pancha. Upepo ule una nguvu ya kufungua kiungo kilichofichwa ndani ya ukuta wa friji, na hapo maji yataanza kulowesha povu la kuzuia joto, mahali ambapo hutayaona wala kuyafikia.

Kata mpira mpya ukiwa mrefu kidogo kuliko wa zamani, paka mdomo maji ya sabuni, na uusukume hadi uingie kiasi cha sentimita mbili. Klipu ikaze kwa upole, iishie pale mpira unapoacha kuzunguka. Kisha uuteremshe bila kuuacha ulegee mahali popote katikati, maana kila bonde litashika maji na tope. Upitishe mbali na dohani, na usiuache mwisho wake juu ya kichomeo wala juu ya nyaya na vifaa vya umeme. Ushikilie kwa vibano vya chuma, kwa sababu kamba za plastiki za kufungia nyaya huyeyuka au kukatika kwa joto lile.

Mwishoni kabisa, kabla ya mpira kutokea nje, ukunje uwe na tumbo moja dogo lenye kushika maji kidogo, kama lile la bomba chini ya sinki. Wengi huruka hatua hii kwa kuiona ya urembo, lakini bila maji yale hewa ya joto kutoka nyuma hupanda kupitia mpira hadi ndani ya friji, barafu huongezeka kwenye mapezi, na friji hushindwa kupoza vizuri mchana. Friji nyingine huja na kifuniko kidogo chenye tundu mwishoni mwa mpira kwa kazi hiyohiyo. Kama chako kipo, kirudishe badala ya kukunja. Kama hakipo, funga kipande cha wavu mwembamba, kwa kuwa nyigu wa matope hupenda matundu kama haya, na gari likikaa wiki chache tu bila kutumika wanaweza kuyajaza udongo.

Rudia jaribio la maji yenye rangi, safari hii glasi mbili, na upapase kila kiungo kwa karatasi nyeupe ya shashi, ambayo huonyesha tone ambalo jicho haliwezi kuona. Kausha sehemu ya nyuma, rudisha dirisha la hewa, fungua mtungi, na kama ulisukuma au uligusa bomba lolote la gesi, lipake povu la sabuni uone kama linatoa vipovu. Hapo ndipo uwashe friji. Endesha gari kwenye barabara mbovu kwa dakika chache, kisha ukague tena, kwa sababu mpira ulioshikwa vibaya huonekana tu baada ya kutikiswa. Gari likikaa muda mrefu bila safari, maji yaliyo tumboni mwa mpira hukauka, kwa hiyo mimina nusu glasi kwenye mfereji kabla ya kuwasha friji tena.

Ikiwa sakafu ilikuwa imelowa, ichome kwa ncha ya msumari sehemu mbalimbali. Mahali msumari unapoingia bila kuzuiwa, ubao huo umeoza na lazima ukatwe. Mahali unapogoma, ubao utapona ukiachwa wazi. Fanya hivyo Januari au Februari ukiweza, kwa kuwa katika mvua za Machi hadi Mei plaiwudi hukaa wiki nyingi bila kukauka, na ukiifunika kwa zulia ikiwa na unyevu, itaendelea kuoza chini ya friji isiyovuja tena hata tone.